Vinanda Vidogo na Muziki wa Chipu

Muziki wa chipu ni muziki utungwao kwa kutumia saketi ndogo ya silikoni iliyoundwa kwa ajili ya mchezo wa televisheni au kinanda cha bei nafuu. Huko Japani, Ulaya na Marekani ulikua pamoja na mashine kama Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1983. Tanzania Bara ilikuwa katika hali tofauti. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni ila kwa kibali, na matangazo ya televisheni yalianza Bara mwaka 1994 tu. Hata hivyo jiji hili lilipata muziki wake wa chipu kwa njia nyingine. Ili kuufahamu, hatuna budi kwanza kuuliza: chipu huimba namna gani?

Sauti itokanayo na hesabu

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ngozi ya ngoma hutetema ikipigwa. Vivyo hivyo uzi wa gambusi. Chipu haina ngozi wala uzi. Hufungua na kufunga umeme kwa zamu, na umeme huo husukuma na kuvuta spika. Tendo hilo likirudiwa mara 440 kwa sekunde, sikio husikia noti ya "la", ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao.

Saa ya ndani ya Famicom ya Kijapani hupiga mara 1,789,773 kila sekunde. Mtunzi huandika namba. Mashine huijumlisha 1, huzidisha kwa 16, kisha hugawanya mapigo ya saa kwa jibu hilo. Akiandika 253, hupata mitetemo 440.4, ambayo ni karibu kabisa na noti aitakayo. Lakini akitaka mitetemo 3,520, yaani noti ile ile oktavu tatu juu, hukwama. Namba 31 hutoa 3,496, namba 30 hutoa 3,608, na katikati hamna kitu.

Tena, sauti zote ni tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu ifaayo kwa besi, moja ya mvumo itumikayo kama ngoma, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Asiyekuwa na sauti za kutosha kupiga noti tatu pamoja huzipiga kwa zamu upesi sana, hata sikio likadhani zimelia kwa wakati mmoja.

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta ya Amiga. Programu za jinsi hii, ziitwazo treka, hufanana na daftari la hesabu: kila safu wima ni sauti moja, kila mstari ni nukta moja ya wakati, na mashine husoma kutoka juu kwenda chini.

Mchiriku na singeli

Katika mitaa ya Dar es Salaam, vijana wa mchiriku walichukua midundo ya ngoma za Kizaramo wakaiunganisha na kinanda kidogo cha Casio. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, lilitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Kinanda hicho nacho hupata sauti yake katika chipu. Wapigaji walikiunganisha na amplifaya chakavu na spika za honi, wakaongeza nguvu kupita kiasi. Amplifaya ikizidiwa hukata vilele vya wimbi, na wimbi laini huanza kufanana na lile la mraba tulilolieleza. Ndiyo asili ya ule ukali wa mchiriku, ambao wengi waliudharau wakiuita kelele za wahuni.

Singeli iliendeleza kazi hiyo kwa kompyuta. Mtayarishaji hukata kipande cha taarabu, hukirudiarudia na kukiongezea kasi, mara nyingi kupita mapigo 200 kwa dakika. Kipande kikichezwa kwa kasi maradufu bila kurekebishwa, mitetemo yake nayo huwa maradufu, na sauti hupanda oktavu moja. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika katika Amiga. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa katika santuri ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Faida kwa elimu

Chipu za zamani zinazidi kuadimika. Kinanda kibovu kikitupwa, hupotea pia nafasi ya kujifunza jinsi kilivyofanya kazi. Mwanafunzi wa ufundi aweza kukifungua, kuitafuta chipu, na kutazama umbo la wimbi lake kwa osiloskopu. Asiye na kinanda aweza kutumia treka za bure kama FamiTracker katika kompyuta ya kawaida, akajaribu mwenyewe ile hesabu ya 253. Mafundi wa redio wa Kariakoo na watayarishaji wa singeli wanashughulika na mawimbi yale yale. Yafaa vyuo vyetu viwakutanishe, vinanda vya mchiriku vikiwa bado vinalia.