King Majuto: Miaka 60 ya kuchekesha, na swali ambalo baba hapendi kuulizwa

Songea. Watoto wa Mjimwema waliozaliwa baada ya mwaka 2018 hawakumkuta King Majuto akiwa hai, lakini sauti yake wanaijua. Simu ya mama ikisahaulika kwenye kochi kwa dakika kumi tu, watamtafuta na kumpata. Mzee analia kwa sauti nyembamba, anaomba msamaha, akigeuka upande wa pili anacheka, na watoto nao wanagaragara chini.

Wazazi wao walimjua kwa njia nyingine. Umeme wa gridi ulifika Songea kupitia Makambako mwaka 2018. Kabla ya hapo mji ulitegemea zaidi jenereta za dizeli, na kuangalia mkanda hadi mwisho bila umeme kukatika ilikuwa bahati. Kanda ya VHS ilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha ikaanza kuchuja. Baadaye zikaja DVD zenye sura yake kwenye kasha, mdomo wazi, macho yamemtoka.

Jina lake halisi ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani mwaka 1958 akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alifariki dunia Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Ukihesabu, ni miaka 60 ya kazi moja. Wapo madaktari, walimu na hata wanajeshi waliostaafu huku yeye akiendelea kuanguka na kuinuka mbele ya kamera.

Katika miaka hiyo hakuwa na mhusika mmoja anayejulikana kwa jina moja, kama ilivyo kwa waigizaji wa tamthilia ndefu. Alikuwa baba mkali, mkwe mchoyo, mganga wa uongo, mlinzi mzembe, mgonjwa asiyeumwa na, mara nyingi kuliko zote, mzee mkware anayewania binti wa watu. (Wazazi wanaowaachia watoto simu wakumbuke hilo la mwisho. Si kila kichekesho chake ni cha meza ya chakula.) Alipopangwa na Sharo Milionea, kijana wa mapozi aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga Novemba 2012, ulipata kila ugomvi wa baba na mwana unaoujua: mavazi, fedha, wasichana, adabu.

Kilichomtofautisha na wengine ni kwamba alichekesha hata akiwa kimya. Akiambiwa jambo asilolitaka, kwanza uso ulikubali, kisha bega likakataa, maneno yakaja mwisho. Hicho hakifundishwi kwa wiki mbili.

Script ya mdomoni

Majuto alikulia katika sanaa ya jukwaa ambayo haikuwa na karatasi nyingi. Enzi za vikundi kama Muungano, DDC Kibisa na baadaye TOT, usiku mmoja ulibeba ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo kwa kiingilio kimoja. Maigizo hayo hayakuandikwa neno kwa neno. Kisa kilipangwa: nani anaingia, anataka nini, anaumbuka vipi. Maneno aliyatunga mwigizaji palepale, akisikiliza watazamaji. Vichekesho vilipohamia kwenye kanda, na Majuto anatajwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo nchini, utaratibu ulihama nao.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyocheka yalitungwa na aliyeyasema. Alikuwa mwandishi anayeandika kwa ulimi. Lakini kazi ya ulimi haina saini, na asiye na saini hana cha kudai nakala zikiuzwa mara elfu, au tangazo likiendelea kurushwa mwaka baada ya mwaka.

Suala hilo lilikuja mezani alipokuwa tayari anaumwa. Mwaka 2018, Dk Harrison Mwakyembe, wakati huo Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii baada ya kilio cha Majuto kusikika. Wakati huohuo Watanzania walikuwa wakichangishana fedha za matibabu yake. Mei alipelekwa India, akarudi Juni, na baada ya wiki chache alikuwa amelazwa tena.

Ngiri si tezi dume

Taarifa za ugonjwa wake zilizotangazwa miezi ile zilitaja ngiri, kisha tezi dume. Wengi waliyachukulia maneno hayo kama kitu kimoja, na hapo ndipo familia nyingi zinapopoteza muda.

Mtaani, “ngiri” ni jina la karibu kila kinachomsumbua mwanaume chini ya kitovu. Anaumwa kiuno, ni ngiri. Hana nguvu za kiume, ni ngiri. Anakojoa kwa shida, ni ngiri pia, na muuza mizizi ana chupa moja inayotibu zote. Hospitalini ngiri ni utumbo au nyama ya ndani iliyopenya kwenye sehemu dhaifu ya misuli, mara nyingi kwenye kinena, ikatokeza uvimbe. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Tezi dume ni kiungo, na kila mwanaume anacho. Kipo chini ya kibofu na kimeuzunguka mrija wa mkojo.

Umri ukisogea tezi hiyo hukua. Kwa kuwa mrija unapita katikati yake, ikikua inaubana. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu ndogo, unakatika katika, na baba anaamka mara tatu au nne usiku. Kwa wengi huku ni kukua kwa kawaida kusiko na saratani, na kuna dawa na upasuaji wa kukutibu. Kwa baadhi ni saratani, ambayo hatua za mwanzo inaweza isionyeshe dalili yoyote. Dalili pekee haziwezi kumwambia mtu ana ipi. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha.

Kipimo cha damu kinaitwa PSA. Namba yake ikiwa juu si hukumu, kwani hata maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, ila humpa daktari sababu ya kuendelea kuchunguza. Kile cha kidole, ambacho wanaume wengi hukitumia kama kisingizio cha kutokwenda kabisa, huchukua chini ya dakika moja. Kwa kawaida mazungumzo na daktari huanza mtu akifika miaka 50, au 45 kama baba au kaka yake aliwahi kupata saratani ya tezi dume. Mkojo wenye damu, au uliogoma kabisa kutoka, hausubiri umri wala Jumatatu.

Mkazi wa Mjimwema anaanzia kwenye kituo cha afya cha hapohapo, na akihitaji uchunguzi zaidi anaandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo kila mtu hapa anaiita Homso. Wapo wanaokwenda Peramiho, hospitali ya misheni ambayo wazee wa Ruvuma wameiamini kwa miaka mingi. Kwenye gharama, mtoto aliyeajiriwa na anayekatwa NHIF aangalie orodha yake ya wategemezi, kwani wazazi wanaruhusiwa kuwemo. Wengi hujaza mwenza na watoto, kisha wanaanza kuuza mahindi baba anapolazwa.

Hakuwa peke yake

Said Ngamba, yaani Mzee Small, alipata kiharusi mwaka 2012 na kufariki Juni 2014. Nairobi, Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa ustadi kiasi kwamba watazamaji wengi wa Vitimbi walimdhani Mjaluo kweli, alizeeka macho yakififia kwa mtoto wa jicho. Wakenya walichanga ili atibiwe. Mzee Ojwang’, kama alivyojulikana, alifariki Julai 2015. Wote watatu walikuwa maarufu kuliko wabunge wengi wa nyakati zao, na kila mmoja ulipofika wakati wa kuumwa ilibidi umma uombwe.

Magonjwa yao yalikuwa tofauti, lakini yote yanaanza bila kelele. Shinikizo la damu, chanzo kikubwa cha kiharusi, haliumi. Mtoto wa jicho huja kama ukungu, na mzee hulaumu taa. Tezi dume inamwamsha usiku, naye anasema ni baridi. Songea mwezi Juni na Julai kisingizio hicho kinakubalika kabisa, maana baridi ipo kweli.

Kwa mila za huku, mwana hamuulizi baba yake habari za mkojo. Mkwe ndiyo kabisa. Mke anaweza kuuliza, ila wengine hujibiwa kwa ukali uleule Majuto alioutumia alipoulizwa zilipo hela za unga. Anayeweza ni mjukuu, kwa sababu kati yake na babu kuna utani, na utani unaruhusu maneno ambayo heshima inayazuia.

Tena kwenye nyumba zenye choo cha nje, mjukuu analala chumba kimoja na babu na ndiye anayeshika tochi usiku. Aulizwe tu asubuhi, kabla ya kwenda shule, babu aliamka mara ngapi. Siku mbili tatu zinatosha. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, na siku ya kwenda kituoni apewe daktari, hata kama babu mwenyewe atasema analala fofofo hadi alfajiri.