Kwa Nini Wanatoa Damu Mara ya Pili?

Ndugu, mpimaji akirudi kitandani kwako na sindano tena, usikasirike wala usiufiche mkono. Haendi kuuza damu yako. Pengine chembe za kugandisha damu zilionekana chache mno, kumbe zimenaswa katika donge dogo ndani ya kichupa. Basi hukagua kichupa, hupaka tone juu ya kioo, hutazama kwa hadubini. Au damu ilitolewa katika mkono wenye serumu, maji yakaizimua. Umwambie mapema: “Serumu iko huku, toa mkono ule.”

Lakini hemoglobini ya mtoto ikiwa kweli gramu 4 kwa desilita, mpimaji haachi karatasi mezani. Anakimbia kumwita daktari. Nawe baba, usiondoke hospitali: huenda damu yako ikapimwa ili apewe.