Nyumba Hailindwi kwa Kelele za Nje

Tangu tarehe 24 Februari 2023, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu iliyozua gumzo katika Afrika Mashariki nzima, suala la ndoa za jinsia moja halijaondoka katika mazungumzo yetu. Limezungumzwa katika hotuba za Ijumaa, katika harusi na hitima, kwenye baraza za wazee na katika makundi ya simu ya akina mama. Mombasa na Nairobi Waislamu walitoka misikitini wakaandamana. Tanzania nako, mwezi huo huo, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na maadili ya nchi. Wazazi wengi waliingiwa na hofu, nasi hatuwalaumu. Mwenye mwana hana budi kuhofia.

Lakini hofu isiyo na elimu, ndugu msomaji, humfanya mtu apige kivuli akamwacha mwizi. Maswali mengi yanayotufikia katika ukurasa huu wa familia yamejengwa juu ya habari zisizo sahihi. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza mambo mawili: kwanza, sheria zetu zinasema nini hasa, na pili, jambo ambalo ndilo kubwa zaidi, dini yetu inatutaka tuilinde familia kwa njia gani.

Mahakama ilisema nini?

Wengi wanaamini kwamba mahakama ile ilihalalisha ndoa za jinsia moja. Haikufanya hivyo. Kesi ilianza mwaka 2013, pale Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Kenya ilipokataa kusajili shirika la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Swali lililofikishwa mbele ya majaji lilikuwa moja: je, watu hao wana haki ya kuunda shirika, kama ibara ya 36 ya Katiba inavyompa kila mtu? Majaji watatu kati ya watano walijibu kwamba wanayo, na kwamba Bodi ilikosea kuwanyima. Majaji wawili walipinga. Septemba ya mwaka huo huo, ombi la kutaka hukumu hiyo ipitiwe upya lilitupiliwa mbali.

Ama ndoa, haikuguswa. Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema vivyo hivyo. Hali kadhalika, vifungu vya sheria ya jinai vinavyokataza kuingiliana kinyume cha maumbile vingalipo katika nchi zote mbili. Mnamo tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta. Kenya adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 14. Tanzania huanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha.

Tunayaeleza haya kwa sababu Muislamu haruhusiwi kusema uongo, hata kama anadhani kuwa uongo huo unaitetea dini. Anayepinga hukumu na aipinge kwa jinsi ilivyo. Kumwambia jirani kwamba serikali imekwisha kuruhusu ndoa hizo, ilhali haikufanya hivyo, ni kueneza uzushi na kuwatia wazazi hofu isiyo na msingi.

Msimamo wa dini juu ya ndoa wala haukungoja mahakama yoyote. Ndoa katika Uislamu ni baina ya mwanamume na mwanamke, na tendo la watu wa jinsia moja limeharamishwa, haya yamo katika kisa cha Nabii Lut (A.S.), na maimamu wa madhehebu manne wameafikiana juu yake. Holland iliporuhusu ndoa hizo mwaka 2001, Afrika Kusini mwaka 2006, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2015, hukumu ya Qur'an haikubadilika kwetu. Hilo halina mjadala katika ukurasa huu. Mjadala tunaoutaka ni juu ya yale yanayotendeka majumbani mwetu huku tukidai kuwa tunaitetea familia.

Swali la mama mmoja

Mama mmoja alitufikia akiwa na swali lililotukosesha usingizi. Mwanawe ana umri wa miaka 13. Sauti yake ni nyororo, mpira haupendi, na mikono yake ni myepesi jikoni. Tangu utotoni alikuwa akikaa karibu na mamake akikuna nazi na kusonga chapati, na hakuna aliyeona ubaya. Lakini kelele za mjadala huu zilipopamba moto, vijana wenziwe pale madrasa walimpa jina ambalo hatuwezi kuliandika hapa. Mwalimu alilisikia, akatabasamu. Jina likamfuata mtaani. Hatimaye mtoto akaacha madrasa, kisha akaacha kwenda msikitini, akijitia maumivu ya tumbo kila Ijumaa. Babake akasema dawa yake ni fimbo.

Mama yule alituuliza, "Mwanangu nimpeleke wapi?"

Tuitazame hali ya mtoto huyu kwa macho ya dini. Hakutenda dhambi yoyote iliyoonekana. Hakuna aliyemshuhudia katika jambo lolote. Kosa lake ni sauti aliyoumbiwa na chapati anazozisonga. Naye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, mpaka ukifika wakati wa sala akatoka kwenda kusali. Ni nani basi aliyetufundisha kwamba kumsaidia mama jikoni kunamtoa mtu katika uanaume?

Ulimi nao una hukumu yake

Waliompa mtoto huyo jina wamevunja amri iliyo wazi. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Aya ya 12 inayofuata inakataza dhana mbaya, inakataza kupelelezana, na inakataza kusengenyana, ikimfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa.

Na likiwa jina lenyewe ni la kumzulia mtu uzinifu, mambo huwa mazito zaidi. Suratun Nur, katika aya ya 4, inamtaka mwenye kumtuhumu mwanamke aliyejihifadhi alete mashahidi wanne; asipowaleta hupigwa mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mwanamume naye ana hifadhi hiyo hiyo ya heshima. Tafakari, ndugu msomaji: ni wangapi kati yetu waliosambaza picha ya kijana wa watu katika simu na kumtaja kwa jina hilo, bila ya shahidi hata mmoja? Ni wangapi waliochekelea kundi la watu lilipomzingira mtu barabarani kwa sababu ya mavazi au mwendo wake? Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si ya umati. Na mwenye kumpiga mtu kwa dhana amedhulumu.

Tofauti waliyoiweka wanazuoni

Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Lakini Imam Nawawi, alipoisherehesha Sahihi Muslim, aliwanukuu wanazuoni kwamba wanaume wenye mwenendo wa kike ni wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyeumbwa hivyo, ambaye hakujilazimisha. Huyo hana lawama wala dhambi, kwa kuwa ana udhuru. Wa pili ni yule anayejitia makusudi katika mavazi, maneno na mwendo. Huyo ndiye anayekusudiwa na laana. Tofauti hii imeandikwa tangu karne ya 13, ilhali leo mwalimu wa madrasa anatabasamu mtoto anapotukanwa!

Aidha, vitabu vya fikihi vina mlango mzima wa huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainisha iwapo ni wa kiume au wa kike. Wanazuoni walieleza atasali safu gani, atarithi kiasi gani na ataoshwa na nani akifa. Hawakumfukuza, walimtafutia haki yake. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 watu 1,524 walihesabiwa kuwa ni wa hali hiyo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja na kuwalinda watoto wa namna hii. Mzazi aliyejaaliwa mtoto kama huyo asimfiche chumbani kwa aibu. Ampeleke kwa daktari na kwa mwanachuoni, kwani huyo ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, si mkosi.

Kijana aliyekwenda kwa Mtume

Sasa tulifikie swali ambalo wazazi huliogopa zaidi. Je, itakuwaje siku kijana wetu mwenyewe atakapotwambia kwamba moyo wake unawaelekea watu wa jinsia yake?

Katika Musnad ya Imam Ahmad, Abu Umama (R.A.) amesimulia kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwita karibu, akamketisha. Akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mamake, kwa bintiye, kwa dadake na kwa mashangazi zake, na kila mara kijana akajibu kwamba hapana. Kisha Mtume akamwekea mkono, akamwombea Mola amsamehe, amtakase moyo na amhifadhi. Haramu haikuhalalishwa hapo, lakini kijana hakufukuzwa, hakupigwa wala hakutangazwa.

Hivyo ndivyo mzazi anavyotakiwa afanye. Jambo linalopita moyoni si sawa na tendo; Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale nafsi inayojisemeza, maadamu hayakutendwa. Kijana anayejizuia kwa ajili ya Mola wake yumo katika jihadi ya nafsi, na mwenye jihadi huhitaji msaada. Tukimfukuza, atapokewa na nani? Atapokewa na wale wale tunaowaogopa, nao watamwonyesha huruma aliyoikosa kwao.

Hali kadhalika tunawaonya wazazi dhidi ya ile tiba iliyozoeleka, ya kumwoza kijana haraka ili maneno ya watu yanyamaze. Binti wa watu si dawa. Aya ya 21 ya Suratur Rum inaieleza ndoa kuwa ni utulivu, mapenzi na huruma. Kumwingiza binti katika nyumba isiyo na lolote kati ya hayo matatu, huku ukweli umefichwa kwake na kwa walii wake, ni kumdhulumu yeye pamoja na mwanao.

Madhara yaliyo karibu

Liko jambo jingine linalotuuma. Tunapaza sauti juu ya mambo ya ng'ambo, lakini mtoto anapoharibiwa na mtu wa karibu, awe ni ami, mjomba, jirani au mwalimu, familia hukaa kikao cha usiku na kusema yaishe nyumbani. Aliyetenda hubaki na heshima yake. Mtoto hubaki na jeraha, na pengine na lawama. Hii si sitara iliyosifiwa na dini. Mtoto aliyeingiliwa ni mdhulumiwa, hana dhambi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, polisi waarifiwe, na asirudishwe kwa aliyemdhuru. Namba ya simu 116, inayopigwa bila malipo Kenya na Tanzania, imewekwa kwa ajili ya watoto.

Na tukizungumza juu ya maadili ya familia, twende tukaone mabenchi ya Mahakama ya Kadhi. Wanaokaa pale ni wanawake wanaodai matumizi ya watoto kutoka kwa wanaume wenye uwezo, na wengine walioachwa bila ya kupewa talaka wala haki zao. Vitabu vimeondolewa mashuleni, lakini simu imo mkononi mwa mtoto mpaka usiku wa manane, na baba hajui anatazama nini kwa kuwa hajamuuliza. Nabii Yusuf (A.S.) alipoota ndoto iliyomshangaza, alikwenda moja kwa moja kwa babake, naye babake akamsikiliza. Je, watoto wetu wakiota, huenda kwa nani?

Aya ya 6 ya Suratut Tahrim inatuamrisha tujikinge na Moto sisi wenyewe pamoja na watu wetu wa nyumbani. Imeanza na nafsi zetu, kisha watu wetu. Maandamano yana nafasi yake, na kuzungumza na wabunge kuna nafasi yake, kila jambo kwa mujibu wa sheria. Lakini hakuna andamano litakalomsikiliza mtoto kwa niaba ya babake.

Mama yule tulimjibu kwamba mwanawe hana haja ya kupelekwa popote. Mahali pake ni nyumbani kwake, katika safu yake msikitini, na juu ya mkeka wake madrasa. Wanaopaswa kuondoka mahali walipo ni waliomtukana, watoke katika dhambi hiyo na watubie. Tulimwomba amwendee mwalimu, akiwa pamoja na mumewe, wamsomee ile aya ya 11. Na baba tulimwomba jambo dogo: Ijumaa ijayo aiweke fimbo chini, amshike mwanawe mkono, waende pamoja kusali.

Mwenyezi Mungu atulindie vizazi vyetu, azihifadhi ndimi zetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa ni mahali pa amani kwa kila aliyemo. Amin.