Kabla ya Kufungua Duka la Mtandaoni, Panga Gharama za Kufikisha Bidhaa

Chupa ya mafuta ya nazi inayouzwa shilingi 450 mjini Kilifi inaweza kumwachia muuzaji faida ya shilingi 120. Mteja aliyeko Kakamega akiagiza chupa moja kupitia intaneti, na duka likamtoza shilingi 200 za kuifikisha, muuzaji atadhani amepata soko jipya.

Hesabu hubadilika mzigo unapoanza safari. Katoni na karatasi ya kufungia ni shilingi 60. Bodaboda hadi steji ni shilingi 50. Nauli ya mzigo hadi Nairobi ni shilingi 250, na ya basi jingine hadi Kakamega ni 250 tena. Jumla ni shilingi 610. Mteja ametoa 200, kwa hivyo muuzaji anajazia 410 kutoka mfukoni mwake. Ile faida ya 120 imemezwa, na juu yake kuna hasara ya shilingi 290.

Bei hizo ni za mfano, lakini hasara ya namna hiyo huwapata wauzaji wengi wadogo wanaoanza kuuza mtandaoni. Akina mama wanaosuka vikapu, vijana wanaouza mabuyu na vikundi vinavyokamua mafuta ya nazi hutumia muda mwingi kupiga picha za bidhaa, kisha suala la usafirishaji hujazwa dakika ya mwisho kwa kukisia. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulipanga mapema, hatua kwa hatua.

Anza na daftari, si tovuti

Kabla ya kugusa mipangilio ya duka, mfanyabiashara anahitaji kujua mambo mawili kuhusu kila bidhaa: uzito wake ikiwa imeshafungwa, na ukubwa wa katoni yake. Chupa ya mafuta ya nusu lita huwa na uzito wa takriban nusu kilo. Kikapu kina habari tofauti. Ni chepesi, lakini kinachukua nafasi kubwa.

Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi, hasa zinazotumia ndege, hutoza kwa uzito halisi au kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, kutegemea ni kipi kikubwa. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Katoni yenye sentimita 40 kwa 40 kwa 30 hutoa 48,000. Ukigawanya kwa 5,000, unapata kilo 9.6. Kikapu kilichomo huenda hakifiki hata kilo moja, lakini muuzaji atalipia karibu kilo 10. Ndiyo maana ni nafuu kutuma vikapu kadhaa vya ukubwa tofauti vikiwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine.

Baada ya kupima, mfanyabiashara aende mwenyewe steji, posta na kwa kampuni za vifurushi kuulizia bei. Bei ya kuambiwa na rafiki mara nyingi ni ya mwaka jana.

Gawa wateja kwa njia, si kwa umbali pekee

Programu za kutengeneza maduka ya mtandaoni huruhusu mwenye duka kugawa wateja katika kanda na kuweka bei ya kila ukanda. Kosa la kawaida ni kuangalia kilomita tu. Mtwapa iko mbali na mji wa Kilifi, lakini iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na matatu hupita muda wote. Mteja aliye ndani ya Ganze au Magarini anaweza kuwa na magari machache kwa siku, na wakati wa masika barabara zikiharibika mzigo unaweza kulala njiani.

Kwa muuzaji aliye mjini Kilifi, mpango rahisi unaweza kuwa hivi:

- Mji wa Kilifi, kwa bodaboda: shilingi 150, siku hiyohiyo.
- Maeneo mengine ya kaunti, kwa matatu: shilingi 250, siku moja hadi mbili.
- Mombasa, Nairobi na miji inayofikiwa kwa basi moja: shilingi 400, siku mbili.
- Kwingineko nchini, ambako mzigo hubadilisha gari: shilingi 650, siku tatu hadi nne.
- Kuchukua mwenyewe dukani: bila malipo.

Kila bei inatokana na gharama zote: katoni, boda ya kupeleka steji na nauli ya mzigo, pamoja na akiba ndogo ya simu na ada za kutuma pesa. Mzigo wa Nairobi unaogharimu shilingi 360 hutozwa 400. Wa Kakamega unaogharimu 610 hutozwa 650.

Bei hizi ni za kifurushi kimoja kidogo. Kwa bidhaa kubwa kama vikapu, programu nyingi huruhusu kuweka kundi lake lenye bei tofauti, ili mnunuzi wa mabuyu asitozwe nauli ya kikapu.

Tatizo la anwani

Programu nyingi zilitengenezwa kwa nchi ambako kila nyumba ina namba na kila mtaa una msimbo wake. Nchini Kenya, msimbo wa posta huonyesha afisi ya posta lilipo sanduku la barua. 80108 ni Kilifi na 80200 ni Malindi, lakini namba hizo hazisemi mteja analala wapi. Mtu anayeishi Malindi anaweza kuwa na sanduku Mombasa. Kugawa kanda kwa misimbo ya posta kutaleta makosa.

Njia salama zaidi ni kutumia kaunti. WooCommerce, programu inayotumiwa na maduka yaliyojengwa kwa WordPress, humruhusu mwenye duka kuchagua kaunti moja moja za Kenya anapounda ukanda. Hata hivyo, mji wa Kilifi na Ganze ziko katika kaunti moja, na programu haiwezi kuzitenganisha yenyewe. Suluhisho ni kuweka ukanda mmoja wa Kaunti ya Kilifi wenye machaguo matatu: bodaboda mjini, matatu nje ya mji, na kuchukua mwenyewe. Kila chaguo lipewe jina linaloeleweka, na mteja ataliteua mwenyewe.

Jambo jingine ni mpangilio wa kanda. WooCommerce husoma orodha kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ukanda wa kwanza unaomhusu mteja. Ukanda wa "Kenya nzima" ukiwekwa juu, mteja wa Kilifi atatozwa bei ya Kakamega. Ukanda mdogo ukae juu, mkubwa ukae chini.

Fomu ya oda nayo iongezewe nafasi ya alama inayojulikana karibu na mteja, kama vile shule, msikiti, kanisa au kituo cha mafuta, pamoja na namba ya pili ya simu. Mwendeshaji boda hufika haraka akiambiwa "mkabala na lango la shule" kuliko akipewa namba ya sanduku la posta.

"Tutakuletea bure" ina mwenyewe

Usafirishaji wa bure huvutia wateja, lakini ni lazima mtu aulipie. Mwenye duka anaweza kuutoa kuanzia kiwango fulani cha ununuzi, mradi kiwango hicho kitokane na hesabu. Kwa mfano wa mafuta ya nazi, chupa tatu huleta faida ya shilingi 360, sawasawa na gharama ya kuzipeleka Nairobi. Akizituma bure, muuzaji amefanya kazi bila kupata chochote. Chupa sita huleta faida ya 720. Nauli ikibaki ileile, anabakiwa na 360. Kwa hivyo kiwango cha kuanzia kinaweza kuwa ununuzi wa shilingi 2,700, ambayo ni bei ya chupa sita, na kwa ukanda ambao hesabu inakubali tu.

Kulipa baada ya kupokea pia kunahitaji tahadhari. Mteja akibadili nia mzigo ukiwa umeshafika, muuzaji hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Wengi hupunguza hatari hiyo kwa kuruhusu mpango huo maeneo ya karibu pekee, au kwa kumtaka mteja atangulize gharama ya usafirishaji kwa M-Pesa na kulipia bidhaa akiipokea.

Mteja aambiwe yote kabla ya kulipa

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti kumpa mnunuzi maelezo muhimu kabla ya makubaliano, na kumpa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Gharama ya kufikisha bidhaa ni sehemu ya maelezo hayo. Mteja anayeongezewa shilingi 400 kwa simu baada ya kulipa ana haki ya kulalamika, na mara nyingi hatarudi.

Ukurasa wa usafirishaji ueleze kwa lugha nyepesi:

- Bei ya kila ukanda na siku za kusubiri, zikiwemo siku za kutayarisha oda.
- Saa ya mwisho ya kupokea oda za siku hiyo, kwa mfano saa sita mchana.
- Mahali mzigo unapoishia. Mzigo uliotumwa kwa basi kwa kawaida huchukuliwa katika afisi ya basi, na mteja abebe kitambulisho.
- Nani analipa nauli bidhaa ikirudishwa kwa sababu imevunjika, si ile iliyoagizwa, au mteja amebadili nia.

Maelezo ya bidhaa yenyewe huzuia malalamiko. Mafuta halisi ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24 za selsiasi. Yanayotoka Kilifi yakiwa maji yanaweza kufika Eldoret yakiwa yameganda, na mteja asiyejua atadhani ameuziwa kitu kilichoharibika. Sentensi moja kwenye tovuti na nyingine kwenye chupa zinatosha kuokoa nauli ya kurudisha mzigo.

Kufunga na kukabidhi mzigo

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Wauzaji watumie katoni, karatasi ya kaki au mifuko ya kitambaa. Vifuniko vya chupa vifungwe kwa utepe na chupa zisimamishwe wima, kwa kuwa buti la basi hupata joto jingi.

Juu ya mzigo yaandikwe majina ya mpokeaji, namba zake mbili za simu, mji na alama ya karibu, pamoja na namba ya mtumaji. Muuzaji apige picha ya mzigo kabla ya kuukabidhi, adai stakabadhi na amtumie mteja picha yake siku hiyohiyo. Bila stakabadhi, ni vigumu kudai fidia mzigo ukipotea. Kampuni za posta na za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni yenyewe yanaweza kupelekwa kwa mamlaka hiyo.

Anwani na namba za wateja zilindwe pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi aliyozitolea. Namba iliyotolewa ili mzigo ufike isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp wala kupewa muuzaji mwingine.

Nje ya Kenya

Wapo wateja Oman, Uingereza na kwingineko wanaotamani korosho na mabuyu ya nyumbani. Mizigo ya ng'ambo huhitaji fomu ya forodha, na mazao ya mimea huweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, kulingana na masharti ya nchi inayopokea. Duka ambalo halijajua gharama hizo linashauriwa kuweka mipangilio yake iuze ndani ya Kenya pekee. Ukanda wa ng'ambo unaweza kuongezwa baadaye.

Jaribu kabla ya kutangaza

Mipangilio ikikamilika, mwenye duka ajifanye mteja. Aweke chupa moja kikapuni na kuandika anwani ya mjini Kilifi, kisha ya Bamba, Nairobi na Kakamega. Arudie kwa vikapu vitano, na atazame kama bei zinalingana na daftari. Baada ya hapo atume mzigo mmoja wa kweli kwa jamaa au rafiki wa mbali na kuhesabu siku na shilingi zilizotumika.

Wasio na tovuti, wanaouza kwa WhatsApp au Facebook, wanaweza kutumia orodha hiyohiyo ya kanda. Iandikwe mara moja na ihifadhiwe kwenye simu, ili kila mteja anayeuliza apewe jibu moja. Bei zikaguliwe upya kila baada ya miezi michache, na kila mara nauli au bei ya mafuta inapopanda. Muuzaji wa chupa moja ya mafuta hawezi kuzuia nauli kupanda, lakini anaweza kuhakikisha haimkuti akiwa ameshamwahidi mteja bei ya zamani.