Je, Gollum ni mwovu? Tusimhukumu mhusika kwa neno moja

MNAMO 2015, mahakama moja nchini Uturuki ilijikuta mbele ya swali ambalo kwa kawaida huulizwa darasani: je, mhusika huyu ni mwovu au la? Daktari mmoja alikuwa ameshtakiwa kwa kumtusi Rais Recep Tayyip Erdoğan, kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Alikuwa amesambaza mtandaoni picha za Rais zikiwa sambamba na picha za Gollum, yule kiumbe mkondefu mwenye macho makubwa katika riwaya za J.R.R. Tolkien na filamu zilizotokana nazo.

Upande wa utetezi ulishikilia kwamba Gollum si mhusika mbaya. Hakimu alikiri kwamba hakuwa ametazama filamu zote, kisha akaagiza jopo la wataalamu watano, wakiwemo wasomi na mtaalamu wa filamu, lichunguze tabia ya Gollum. Naye mwelekezi wa filamu hizo, Peter Jackson, pamoja na waandishi wenzake, wakatoa kauli kwamba picha zile hazikuwa za Gollum hata kidogo. Zilikuwa za Sméagol, ambaye ni mchangamfu na hana hila.

Wengi walicheka. Lakini tukiweka kicheko kando, tutaona kwamba uhuru wa mtu ulikuwa umening'inia kwenye kivumishi kimoja. Kivumishi hicho ndicho ninachotaka tukichunguze leo, maana nasi hukitumia kila siku, vitabuni na mitaani, bila kukipima.

Kwa wasiomjua Gollum, hadithi yake kwa ufupi ni hii. Zamani aliitwa Sméagol, na alitoka katika jamii ya watu wafupi walioishi kando ya mto mkubwa. Siku yake ya kuzaliwa alikwenda kuvua na mwenzake, Déagol. Mwenzake akaokota pete ya dhahabu chini ya maji. Sméagol akaitaka. Aliponyimwa, akamnyonga Déagol na kuichukua. Pete ile ilimwezesha kutoonekana, naye akaitumia kunyemelea siri za watu. Jamaa zake wakamchukia, nyanya yake akamfukuza, na mwishowe akajichimbia chini ya milima, akaishi gizani kwa mamia ya miaka. Jina Gollum alibandikwa na watu kutokana na mlio aliokuwa akiutoa kooni.

Hapa mwanafunzi wa fasihi atatambua jambo. Sisi huita mbinu hii majazi, yaani mhusika kupewa jina linaloafiki tabia au hali yake. Shaaban Robert aliitumia sana. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hahitaji kuambiwa zaidi. Tofauti ni kwamba Hasidi na Mwivu wanaingia hadithini wakiwa na majina hayo. Gollum alikuwa na jina lingine kwanza. Jina la pili lilikuja baada ya kosa, kisha likalifunika la kwanza kabisa. Na hata Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya matendo yao, hawakuachwa wabaki manyani milele. Walirudishiwa ubinadamu wao.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kiambishi -vu hujenga vivumishi vingi kutoka kwa vitenzi: tulia hutupa -tulivu, legea hutupa -legevu, potea hutupa -potevu. Kivumishi -ovu nacho, pamoja na ndugu yake -bovu, kina uhusiano wa asili na kitenzi oza. Ndiyo maana tunasema embe bovu, na tunasema mtu mwovu. Kwa maana yake ya ndani, basi, mwovu ni aliyeoza. Na kitu hakiozi kabla ya kuwa kizima. Jiwe halina siku ya kuoza. Embe linayo, kwa sababu lilikuwa na uhai na utamu.

Nadhani neno letu linamfaa Gollum kuliko walivyodhani mawakili wa pande zote mbili. Ndani ya riwaya za Tolkien hamna kiumbe aliyeumbwa akiwa mwovu. Hata Sauron, bwana wa giza anayetawala uovu wote wa simulizi hiyo, inaelezwa kwamba hapo mwanzo hakuwa hivyo. Swali muhimu kuhusu Gollum, kwa hiyo, ni kwamba ameoza kiasi gani, na je, kuna sehemu iliyosalia?

Tolkien, ambaye alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliliweka jibu lake katika sarufi. Gollum hajiiti "mimi" mara nyingi. Husema "sisi", akijijumlisha na ile pete anayoiita kipenzi chake. Lakini mara chache, hususan anapoongozana na Frodo, husema "mimi". Frodo anaigundua tofauti hiyo na kuichukua kama dalili kwamba chembe ya ukweli wa zamani imejitokeza. Kwa Kiswahili tungesema kwamba kiambishi tu- kinapompisha ni-, Sméagol amechungulia nje. Lugha yetu hutumia neno moja, nafsi, kwa mambo haya yote mawili: nafsi ya sarufi na nafsi ya mtu. Gollum amepoteza nafsi ya kwanza umoja, na pamoja nayo amekaribia kuipoteza nafsi yake.

Kuna tukio moja linalothibitisha kwamba hakuwa ameipoteza yote. Akiwa tayari amepanga kuwapeleka Frodo na Sam kwenye pango la buibui mkubwa ajabu ili wauawe, anarudi na kuwakuta wamelala. Anawatazama. Uso wake unalegea, anaonekana kama mzee aliyechoka, na ananyoosha mkono kugusa goti la Frodo taratibu. Mara Sam anagutuka na kumkaripia, akimshuku kwamba ananyatianyatia kwa nia mbaya. Basi. Uso unafunga tena na usaliti unaendelea. Katika barua aliyomwandikia mwanawe Christopher mnamo 1945, Tolkien alisema kwamba Gollum alikuwa amebakisha kidogo tu kutubu, lakini neno moja kali la Sam likamzuia.

Tusimlaumu Sam kupita kiasi. Alikuwa mchovu, mwenye njaa, na shaka yake ilikuwa na msingi. Lakini tazama neno lilivyofanya kazi: Sam alimhukumu mtu mzima kwa jina alilokwisha kumpa, wakati ule ule ambapo mtu huyo alikuwa akijaribu kulivua.

Kuna watakaopinga. Watasema huruma hii yote inamsahau Déagol, aliyenyongwa kwa sababu ya pete. Hoja yao ni nzito, na msomaji anayemlilia muuaji bila kumkumbuka aliyeuawa amesoma nusu ya kitabu. Gollum aliua. Alisaliti. Alijua alichokuwa akikifanya, maana alipanga. Kusema hakutenda uovu ni uongo. Kwa sababu hiyo hata kauli ya Jackson na wenzake, ingawa ilikuwa na nia njema, hainiridhishi. Kumpasua mtu vipande viwili, kimoja chema na kingine kibaya, ni njia rahisi mno ya kukwepa swali. Mkono uliomnyonga Déagol ulikuwa wa Sméagol, kabla hajaitwa Gollum. Na mkono uliogusa goti la Frodo ulikuwa wa Gollum.

Hapa sarufi inatusaidia tena. "Ametenda uovu" na "ni mwovu" si sentensi sawa. Ya kwanza ina kitenzi. Ina wakati, ina tendo, na inaacha nafasi ya tendo jingine kufuata. Ya pili ina kishirikishi "ni", ambacho hakina wakati wala mlango wa kutokea. Ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni hukumu.

Mwandishi mwenyewe alihitaji muda kulifikia jambo hili. Katika toleo la kwanza la The Hobbit, la 1937, Gollum alishindwa mchezo wa vitendawili, akaomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia ya kutoka. Katika toleo la 1951, Tolkien alimfanya mkatili zaidi. Lakini katika marekebisho yayo hayo aliongeza tukio la Bilbo kumwonea huruma na kuacha kumchoma upanga. Uovu ulipozidi, huruma nayo ikazidi. Na mwisho wa safari, Frodo aliposhindwa kuitupa pete motoni, ni Gollum huyo huyo, aliyeachwa hai, aliyeing'oa kwa meno pamoja na kidole na kutumbukia nayo. Hakukusudia kuuokoa ulimwengu. Ila kama angeuawa mapema, usingeokoka.

Rai yangu kwa walimu na watahiniwa ni ndogo. Tunapoulizwa sifa za mhusika, tumezoea kuorodhesha: mkatili, mwenye tamaa, msaliti. Orodha hiyo hupata alama, nami siipingi. Lakini tumwulize mwanafunzi pia: mhusika huyu alianza kuwa hivi lini? Nani alimpa jina hili? Je, kuna ukurasa ambapo karibu ageuke, na nani alimzuia? Atakayejibu maswali hayo ndiye atakayetofautisha mhusika bapa na mhusika duara bila kukariri fasili.

Lile jopo la watu watano nchini Uturuki lilitakiwa kujibu "ndiyo" au "la". Jibu la haki lingehitaji kitenzi.