Degedege: sindano haiui mtoto, kuchelewa ndiko kunakoua

Bibi yangu hakuruhusu mtoto mchanga atolewe nje usiku wa mbalamwezi. Ukimuuliza sababu, anaonyesha juu: "Dege litapita, kivuli kimwangukie." Ukanda huu wa Bagamoyo wengi tumekua na maneno hayo. Mtoto akikakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka, ugonjwa umeshapewa jina kabla ya kupimwa: degedege.

Hapo huanza safari ya kwa mganga, kufukizwa moshi na kupakwa dawa. Hospitali huja mwisho, kwani wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo waliyaeleza haya katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Wazazi wengi waliichukulia malaria kuwa homa ya kawaida, na degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kumbe dalili walizozitaja zinafanana sana na malaria kali, ile tunayosema imepanda kichwani.

Inapandaje? Sehemu ya jibu ilipatikana kwa kuchunguza damu ya watoto waliougua Korogwe, mkoani Tanga. Mwaka 2013 Louise Turner, Thomas Lavstsen na wenzao wa Copenhagen, akiwemo Mtanzania John Lusingu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walitangaza walichokigundua katika jarida la Nature.

Kuta za ndani za mishipa ya damu zina vipokezi, mfano wa vitasa vinavyosubiri funguo zake. Kimoja huitwa EPCR. Kazi yake ni kusaidia kuzuia damu isigande ovyo na kutuliza uvimbe. Vimelea vinavyoleta malaria kali huifanya chembe nyekundu ya damu iote protini inayonasa kwenye kipokezi hicho. Chembe zikinasa kwa wingi kwenye mishipa midogo ya ubongo, damu hupita kwa shida, mishipa huvuja na ubongo huvimba.

Kuna na upande wa umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula kupata nguvu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili, na hauna akiba ya maana ya sukari. Mtoto mwenye malaria kali hali, anatapika, ini lake limeelemewa, na vimelea navyo vinakula sukari hiyo hiyo. Ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita ya damu, ni hatari: mtoto anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu, hata kufa.

Sasa turudi kwenye sindano. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9. Waliochomwa artesunate walikufa asilimia 8.5, na walioshukiwa sukari baada ya kuanza matibabu walikuwa wachache zaidi. Dawa inayookoa ndiyo hiyo hiyo sindano inayoogopwa.

Mtoto akishikwa, mlaze kwa ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kisha mpeleke hospitali mara moja, hata kama degedege limeacha. Si kila degedege ni malaria: homa nyingine huweza kulileta, na hata uti wa mgongo, kwa hiyo vipimo ni lazima.

Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mnyonyeshe njiani, au mpe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai, vya kufuta, katika kikombe cha mililita 200 cha maji safi. Asiye na fahamu usimpe chochote kwa mdomo. Huko hospitali atapimwa sukari na kuongezewa kwa mshipa.

Bibi alimlinda mjukuu kwa alichokijua, na wala sikumcheka. Lakini usiku ule mtoto wa jirani alipokakamaa, ni yeye aliyegonga mlango akiulizia bodaboda.