Chakula Kikishaingia Tumboni, Kinakwenda Wapi?

Mwezi huu tunawaletea mazungumzo yaliyoanza kama mzaha chini ya mwembe.

Binti wa jirani yetu amemaliza sekondari. Anataka kwenda Chuo Kikuu cha Juba kusoma udaktari, na somo linalomvuta zaidi ni umetaboli. Baba yake akauliza, "Umetaboli ndiyo nini?" Binti akajibu, "Baba, ni elimu ya jinsi mwili unavyotumia chakula." Mzee akacheka sana. "Yaani niuze mbuzi ili ukasome kula? Hata mtoto mchanga anajua kula!"

Nasi tulicheka, kwa kweli. Lakini tulipofika nyumbani tukaona swali la mzee linastahili jibu. Tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwili una kiwanda chake

Ukila ugali wa mtama, tumbo linauvunja kuwa sukari, na sukari inaingia kwenye damu. Homoni inayoitwa insulini inaiwezesha kuingia ndani ya seli, ambako inachomwa kama kuni ili tupate nguvu. Inayobaki huwekwa akiba kwenye ini na misuli, au hugeuzwa kuwa mafuta. Kazi hiyo yote ndiyo umetaboli. Mafundi wake ni vimeng'enya, na vitamini na madini ni vifaa vyao. Kifaa kimoja kikikosekana, kazi inaharibika hata kama gunia la unga limejaa.

Karanga zilipokosekana

Wakimbizi wenzetu waliliona jambo hili. Wakati wa vita vya Msumbiji, watu wengi walikimbilia Malawi, na mgao wao ulitegemea sana mahindi. Karanga ndizo zilizowapa niasini, yaani vitamini B3. Mwaka 1989 ugawaji wa karanga ulikatika. Mwaka 1990 wakimbizi zaidi ya 17,000 wakaugua pelagra: ngozi inakuwa nyeusi na ngumu mahali jua linapopiga, tumbo linaharisha, na wengine akili inachanganyikiwa.

Jamani, watu hao walikuwa wanakula! Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo mwili wetu hauwezi kuifungua vizuri. (Watu wa Mexico huchemsha mahindi kwa chokaa, na hapo inafunguka.) Aliyesoma umetaboli akitazama orodha ya mgao, anaona ugonjwa kabla haujafika. Sisi tunaona kilo tu.

Mapenzi yanayoweza kuua

Jambo la pili linawahusu akina mama, tena tunaomba mlisome mara mbili. Mtoto aliyekonda kupita kiasi, au aliyevimba miguu kwa unyafuzi, kila mzazi anatamani amjazie bakuli ashibe. Kumbe hapo ndipo hatari ilipo.

Mwili wenye njaa ya muda mrefu hupunguza kazi zake, na akiba yake ya madini kama fosfeti na potasiamu huwa imekwisha. Chakula kingi kikiingia ghafla, insulini hupanda na kuyavuta madini machache yaliyobaki kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Moyo unaweza kushindwa, na mtoto akafa siku chache baada ya kuanza kula. Watu husema amerogwa. Hapana, ndugu zetu.

Ndiyo maana mtoto mwenye hali mbaya akilazwa hospitalini huanzishiwa maziwa mepesi yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akipata nafuu ndipo anapopewa F-100 au ile lishe ya karanga ya pakiti. Mama ukiona kikombe ni kidogo, usidhani muuguzi ana uchoyo, na usimwongezee mtoto uji kwa siri.

Sukari na joto letu

Sasa turudi kwa binti yetu, maana sababu yake hasa iko nyumbani. Mama yake ana kisukari. Nyumbani hakuna friji, basi dawa inakaa kliniki, na mama hutembea kila siku kwenda kudungwa sindano ya insulini. Binti ndiye anayemsindikiza.

Siku moja akatusomea habari ya kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba ya kambini, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo maabara. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kwa wiki nne nzima insulini ilibaki na nguvu kama ile ya friji.

Tunasisitiza: msibadilishe matumizi ya dawa bila kumwuliza daktari wenu, na dawa isikae juani. Lakini fikirini, swali la mgonjwa wa kambini lilijibiwa na watu waliosoma mambo haya chuoni.

Chuo kilichokimbia kama sisi

Wengine wanasema chuo si cha watu wa kambi. Tuwakumbushe kwamba Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kimewahi kukimbia. Kilianzishwa mwaka 1975, vita vikakihamishia Khartoum mwaka 1989, na kilirudi Juba baada ya amani ya mwaka 2005. Kilisomesha ugenini, kikarudi.

Vijana mnaotaka njia hii, shikeni biolojia na kemia tangu sasa, maana bila hizo mlango haufunguki. Ulizeni pia ofisi ya elimu ya kambi kuhusu ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani kupitia UNHCR. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, hatutawadanganya.

Kuhusu mzee wetu, bado hajasema ndiyo. Binti akiondoka, nani atamsindikiza mama kliniki asubuhi? Hilo si swali dogo, na majirani tumeanza kupangiana zamu. Jumapili iliyopita tulimkuta mzee amekaa na mkewe, anamwuliza polepole, "Hii insulini inafanya nini hasa?" Mama akasema, "Mwulize mwanao."

Akamwita binti, akamvutia kiti. Walikaa mpaka giza likaingia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.